Belfast: Wanamuungano Wasiotaka Ireland Iungane

Haya jamani, mambo vipi huko nyumbani? Leo niko Shankill Road, Belfast. Video ikitikisika msinilaumu, upepo wa huku hauna adabu. Oneni kingo za barabara: nyekundu, nyeupe, bluu, rangi za bendera ya Uingereza. Wamepaka watu wa mtaa wenyewe. Nyuma ya ule ukuta unaotenganisha mitaa ni Falls Road, kwa Wakatoliki, huko bendera ni ya Ireland. Mageti mengine ya kuta hizi hufungwa usiku mpaka leo.

Sasa sisi Watanzania neno Muungano tumelelewa nalo. Nilipofika huku likanichanganya: wanaoitwa wanamuungano ndio hao hao wasiotaka Ireland iungane! Muungano wao ni na Uingereza, basi. Kisiwa kilipogawanywa 1921, Kaskazini, hapa nilipo, ilibaki chini ya Uingereza, na ilichorwa ili Waprotestanti wawe wengi, maana wengi wao ndio wanamuungano; wanaotaka Ireland moja wengi ni Wakatoliki. Sensa ya 2021 ikapindua meza: waliolelewa Kikatoliki asilimia 45.7, Waprotestanti na Wakristo wengine 43.5. Na tangu Februari 2024 anayeongoza serikali ya hapa ni Michelle O'Neill wa Sinn Féin, chama cha Ireland moja. Ingawa hawezi kufanya lolote peke yake, naibu wake ni wa DUP, chama kikubwa cha wanamuungano, na wana madaraka sawa.

Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Kuna mmoja, chai yake lazima iwe kwenye kikombe cha Malkia Elizabeth. Juzi kanituma miwani kwenye droo, nikakuta pasipoti ya Ireland, mpya kabisa! Akacheka, "Hiyo ni ya foleni ya uwanja wa ndege tu." Si mnajua Brexit, Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya; Ireland ilibaki. Nikamchokoza: je, Ireland ikiungana na serikali ya kule Dublin wakakuhakikishia pensheni yako, utakubali? Kicheko kikakata. "Hata wakiiongeza. Niwe mgeni sebuleni kwangu?"

Mjukuu wake yuko tofauti, anapiga hesabu: huku kumwona daktari ni bure, kule Jamhuri ya Ireland wengi wanalipa. Na hasira yake kubwa ni kwa London, waliokubali bidhaa kutoka Uingereza zikaguliwe zikiingia hapa. DUP walisusa serikali karibu miaka miwili kwa hilo, waliporudi, TUV, chama kingine cha wanamuungano chenye msimamo mkali zaidi, wakawashukia. Kumbe hata wao kwa wao hawaungani!

Ile minara ya mbao mnayoiona itachomwa usiku wa Julai 11, sherehe ya kila mwaka ya wanamuungano. Nitakuwa zamu. Mzee keshaniomba nimsogeze dirishani.