Maarufu Asiyeonekana: Kipepeo wa Bukini

Hamjambo, ndugu zangu. Naanza na jina. Kwa Kimalagasi, malaza ni mtu au kitu maarufu. Kipepeo wangu wa leo anaitwa Malaza fastuosus, na hilo neno la pili, la Kilatini, ni mwenye majivuno. Makao yake ni Madagaska peke yake, kile kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini. Sasa sikilizeni: wataalamu walioandika habari zake mwaka 2020 walisema kwamba, kwa wanavyojua, hajakamatwa kwa karibu miaka 50. Umaarufu gani huo?

Kipepeo jina lake limetoka kwenye kupepea, lakini jamii yake huyu haipepei, inachupa. Mwili mnene kama wa nondo, na ncha ya kipapasio imepinda kama ndoana. Sijapata jina lao la Kiswahili, nawaita wachupaji tu. Mkulima wa mpunga amezoea zaidi watoto wao: wale viwavi wanaokunja jani, wakalishona kwa nyuzi, wakajificha humo.

Mfaransa Paul Mabille ndiye aliyempa huyu jina, mwaka 1884. Mdudu yule yule wa kwanza bado yupo London, katika Makumbusho ya Historia Asilia, kachomwa pini. Mdudu wa namna hiyo ni kama jiwe la mizani: mkibishana kuhusu jina, mnarudi kwake. Hachezewi.

Wataalamu walitumia mguu mmoja wa mbele. Basi. Mdudu ana zaidi ya miaka 140, na umbo lake la nje halikuharibiwa. Vinasaba vya umri huo huwa vimekatikakatika, kama barua iliyoliwa na mchwa. Mashine husoma vipande, kompyuta ikaviunga. Wakapata mfululizo mzima wa vinasaba vya mitokondria, yaani vile vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nishati; vinasaba hivyo kwa kawaida hurithiwa kwa mama. Herufi za vinasaba 15,540, hakuna pengo.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Walipolinganisha na wachupaji wengine, huyu hakukaa katika ukoo wowote uliokuwa na jina. Ni tawi la kale lililojitenga zamani sana. Ikabidi aundiwe nyumba yake, ikaitwa Malazinae, na waliomo ni aina tatu tu zilizokwisha kuelezwa, zote za Bukini. Kwangu hilo ni kubwa kuliko kupata spishi mpya kumi. Na limetoka kwenye mguu mkavu, si msituni!

Wamalagasi humwita kipepeo lolo, na neno hilo hilo hutumika kwa roho ya marehemu. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu.

Mniulize maswali sasa. Ila kama kuna anayesafiri kwenda huko akabahatika kumwona, tafadhali picha kwanza, wavu baadaye.