Mikokoteni Mingi, Kisima Kimoja
Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo, Mombasa

Assalam aleikum. Na wa habari za jioni, habari za jioni.

Kabla sijafika popote, toeni simu. Fungueni meseji ya mwisho ya tokeni. Yangu hii hapa, ya shilingi 500, nimenunua jana usiku baada ya mita kuanza kulia. Zipo tarakimu 20 za kubonyeza, zipo uniti, halafu pesa zimegawanywa mafungu mawili: ya stima yenyewe, na ya gharama nyingine. Kwangu hilo la pili limemeza zaidi ya theluthi. Mna mafuta ya mitambo humo, mna dola ikipanda na kushuka, mna mfumuko wa bei, mna mchango wa kupeleka stima mashambani, mna VAT ya asilimia 16. Simu msizifunge, tutazirudia.

Waandalizi wamenitaka nijibu swali linaloulizwa kila baraza: na sisi lini tutajichagulia wa kutuuzia stima, kama tunavyojichagulia laini ya simu? Nitalijibu, ila nianze na maji.

Mtaani kwetu bomba likikauka, jambo ambalo si habari tena, mikokoteni hutoka. Watano, sita, kila mtu na mitungi yake ya lita 20. Huyu anakopesha hadi mwisho wa mwezi, yule anakupandishia mpaka ghorofa ya nne, mwingine ana ulimi mtamu tu. Ushindani upo, na ni wa kweli. Lakini wote wamejaza kisima kimoja, na wote wanapita kichochoro kile kile. Kisima kikipandisha shilingi tano, wote wamepandisha. Pampu ikiungua, hakuna hata mmoja wa kukuletea.

Kuna nchi ambazo stima inauzwa hivyo hivyo. Wazalishaji ni kando, nyaya na nguzo ni za kampuni moja kwa kila eneo, kwa sababu hakuna mwenye akili atakayesimamisha safu ya pili ya nguzo barabara ile ile. Kinachoshindaniwa ni mkokoteni tu: nani ananunua stima kwa jumla, anakuandikia bili, anabeba hasara soko likigeuka. Wewe na jirani mnaweza kuwa na wauzaji wawili tofauti, lakini stima inayoingia ndani ni ile ile. Transfoma ikilipuka, nyote mnatafuta mshumaa.

Uingereza walifungua mlango pole pole. Mwaka 1990 waliruhusiwa kuchagua wateja wakubwa tu, wanaozidi megawati moja. 1994 wakaingia wa kilowati 100 kwenda juu. Majumbani ni kati ya 1998 na 1999. Viwanda vilifaidi haraka, kwa sababu kiwanda kina karani ambaye kazi yake ni kuangalia bili na kubishana. Nyumbani nani ana karani?

Mwaka 2016 mamlaka yao ya ushindani ilitoa matokeo ya uchunguzi wake wa soko la stima na gesi. Karibu asilimia 70 ya wateja wa majumbani wa zile kampuni sita kubwa walikuwa wamekaa kwenye bei ya kawaida, ile ya asiyehama. Na kati ya 2012 na 2015 wateja wa gesi na stima walikuwa wanalipa kupita kiasi, kwa wastani wa pauni bilioni 1.4 kila mwaka. Aliyehama kila mara alipata bei nzuri, na nafuu yake ilitoka kwenye mfuko wa bibi aliyebaki na muuzaji wake wa siku zote. Hili ndilo ninalotaka mlishike kwa mikono miwili. Mtu akikwambia soko la stima limeendelea kwa sababu lina kampuni 50, muulize: asiyehama analipa ngapi?

Wakaweka kikomo cha bei Januari 2019. Ndani ya kile kikomo, faida aliyopangiwa muuzaji ilikuwa asilimia 1.9. Chukua bili ya shilingi 100: faida yake haifiki hata shilingi mbili.

Halafu ikaja 2021, bei ya gesi ikapaa, na ya stima nayo. Mnamjua mfanyabiashara anayepokea pesa za mchele wa Ramadhani kwa bei ya Rajabu, na godauni lake halina hata gunia? Wauzaji wengi wa stima walikuwa hao. Wameahidi bei bila kununua stima mapema. Karibu kampuni 30 zilianguka. Moja, Bulb, ilikuwa na wateja milioni 1.7 na serikali ikalazimika kuishika mkono. Taa hazikuzimika, nawapa haki yao, kwa sababu nyaya hazikuwa za walioanguka. Ila gharama za kuwahamisha wateja walioachwa yatima zikarudi kwenye bili za watu wote, pamoja na wale ambao hawajawahi kununua kwa kampuni hizo hata siku moja.

Texas ndiyo ninayoipenda, kwa sababu kule hawakuingia nusu nusu. Sheria ilipitishwa 1999, soko likafunguliwa tarehe 1 Januari 2002. Miji yenye mashirika yake ya stima iliachiwa iamue, na Austin na San Antonio wakakaa nje. Palipofunguliwa, mteja anafungua tovuti ya serikali, anaona orodha ndefu ya mipango. Ndefu hasa. Na ndani ya orodha mna ujanja. Mpango unang'aa kwa sababu ukitumia uniti 1,000 kwa mwezi unarudishiwa kitita. Ukitumia 990, hurudishiwi kitu, na ile bei nzuri imekupita. Kiyoyozi umekizima mapema ili ubane matumizi, kumbe umejipandishia bili! (Mnacheka, lakini kumbukeni bando za usiku wa manane.)

Kulikuwa na kampuni ikiitwa Griddy. Ilitoza dola 9.99 kwa mwezi, na stima ikakupa kwa bei ile ile ya soko la jumla, bila kuongeza. Siku za kawaida, raha. Februari 2021 ikaja baridi kali, mitambo ikaganda, mabomba ya gesi yakaganda, na bei ya jumla ikapandishwa mpaka ukomo wake, dola 9,000 kwa megawati-saa. Megawati-saa moja ni uniti 1,000, gawanyeni: dola tisa uniti moja, na ikakaa hapo siku kadhaa. Watu walipata bili za maelfu ya dola kwa wiki moja. Griddy yenyewe iliwasihi wateja wake wahamie kwingine, na Machi ikaomba kufilisiwa. Aliyekuwa na mkataba wa bei moja hakuguswa na bei hizo. Giza, lakini, halikuuliza mkataba: nyumba na biashara zaidi ya milioni nne zilikatikiwa.

Sasa turudi kisiwani. Stima ya Kenya ina asili yake hapa. Jenereta iliyonunuliwa 1875 kuwasha taa za kasri la Sultani Seyyid Barghash, Unguja, iliingia mikononi mwa mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na 1908 ikawa mwanzo wa kampuni ya stima ya mji huu. Nairobi walikuwa na yao. 1922 zikaunganishwa, na tangu hapo raia wa kawaida amekuwa na mlango mmoja wa kubisha, ambao leo ni Kenya Power.

Sheria ya Nishati ya 2019 inamtambua muuzaji rejareja kama mtu mbali na mwenye nyaya. Karatasi ipo. Lakini huyo muuzaji mpya atanunua kwa nani? Mitambo ya watu binafsi imejengwa kwa mikataba mirefu na mnunuzi mmoja. Ule wa Tsavo Power pale Kipevu ulianza 2001, ukaisha 2021, miaka 20. Mikokoteni mtaruhusu, sawa, lakini maji ya kisima yameshauzwa.

Na soko huria si geni kwetu. Mafuta yaliachiliwa Oktoba 1994, vituo vya kila rangi vikaota barabarani. Desemba 2010 serikali ikarudisha ukomo wa bei, na leo sote tunasubiri bei mpya tarehe 14 ya mwezi.

Haya, simu zenu. Muuzaji mpya akija kesho, atapunguza nini humo? VAT si yake. Dola si yake. Mchango wa mashambani si wake. Nyaya atazilipia kama wewe. Kinachobaki ni kipande chembamba, na hicho ndicho atakachokitangaza kwa mabango makubwa.

Wenye magodauni washajiamulia, wanaweka paneli juu ya paa. Siwalaumu, ningekuwa na paa ningeweka. Lakini mteja mkubwa akipunguza uniti anazonunua, nguzo hazipungui, na bei yake wanagawana waliobaki.

Na muuzaji rejareja mmoja mnaye tayari, hamkumhesabu. Nyumba nyingi za kupanga mjini hapa zina mita moja ya kampuni, kisha mita ndogo kwa kila chumba. Mwenye nyumba ananunua tokeni, anawauzia wapangaji kwa bei aliyojipangia. Mpangaji hana orodha ya mipango, hana tovuti, hana pa kuhamia isipokuwa ahame chumba. Wangapi humu ukumbini wananunua hivyo? Inueni mikono.

Naona. Tuanzie na wewe, mama wa leso ya njano. Uniti yako anakuuzia ngapi?