Fan Kuan Hakukosea Ukubwa wa Mlima

Ndugu zangu, nitalirudia, na wanaonifahamu watanivumilia. Kila ninapoonyesha michoro ya milima ya enzi ya Song, ukoo uliotawala China ya kale, hutokea mtu akauliza, "Mwalimu, mbona mlima wa nyuma umevimeza vitu vya mbele? Wachina hawakujua kwamba kitu cha mbali huonekana kidogo?" Walijua! Guo Xi, mchoraji wa karne ya 11, alifafanua aina tatu za umbali: wa kuinua macho kutoka chini ya mlima, wa kupenya hadi nyuma yake, na wa kutazama sawia kuelekea milima ya mbali. Asiyejua umbali ataugawaje mafungu matatu?

Mtazameni mchoraji Fan Kuan, mchoro wake "Wasafiri kati ya Milima na Vijito", wa mnamo mwaka 1000, uliohifadhiwa Taipei, Taiwan, katika Makumbusho ya Kasri la Taifa. Ni hariri ya zaidi ya mita 2 kwenda juu na mita 1 hivi kwa upana. Anzeni chini kulia: msafara wa nyumbu wa mizigo, wadogo hata ukipitisha macho upesi huwaoni. Pandeni: miamba, miti, paa za hekalu zinachungulia. Hapo ukungu unakata kila kitu. Hamna wino, ni hariri tupu. Halafu jabali! Karibu theluthi mbili za mchoro, uso wake umejaa nukta za brashi kama matone ya mvua.

Ukungu ule ndio unaokunyang'anya kipimo. Kutoka mitini hadi jabalini ni mwendo wa saa moja au wa siku nzima? Huwezi kusema, kwa hiyo mlima unazidi kukua machoni pako. Mtu anaita hilo kosa! Na sahihi ya Fan Kuan, aliyoigundua mtafiti wa sanaa Li Lin-ts'an mwaka 1958, imejificha kwenye majani, karibu na wale nyumbu. Hakuiweka juu ya jabali.

Naona naonyeshwa saa. Ubandikaji wa mchoro kama huu ili utundikwe, basi, kwa kifupi: hariri hutiwa karatasi mgongoni kwa gundi ya ngano, chini huwekwa ufito wa mviringo, ikaviringishwa na kutunzwa. Hutundikwa kwa muda, kisha hupumzishwa, kwa sababu hariri na mwanga haviivi chungu kimoja. Wanaolalamika kwamba walifika Taipei wakamkosa Fan Kuan ukutani, makumbusho hayana kosa. Ushairi unaoandikwa juu ya michoro tuuache leo. Dada wa nyuma, uliza.