Washindi wa Oscar Kuanzia wa Kwanza: Siku Kamera Ilipofungiwa Kibandani

BARAKA: Karibuni tena. Mimi Baraka, niko na dada yangu Zuhura. Leo ni kuhusu kuzitazama filamu zilizoshinda Oscar ya Filamu Bora kwa mpangilio, kuanzia ya kwanza kabisa, bila kuruka hata moja. Dada Zuhura, wasikilizaji wanauliza: kwa nini tusichague nzuri tu?

ZUHURA: Ukichagua nzuri tu, hutaona sinema ikijikwaa. Na ilijikwaa mapema, kwa mshindi wa pili! Sherehe ya kwanza ilikuwa Mei 16, 1929, hoteli ya Hollywood Roosevelt. Tuzo zote ziligawiwa kwa kama dakika 15, na washindi walishajulikana tangu Februari. Ikashinda Wings ya 1927, mwongozaji William Wellman. Ni sinema bubu ya marubani wa vita, mazungumzo unayasoma.

BARAKA: Lakini ndege zile, jamani!

ZUHURA: Za kweli! Wellman mwenyewe alikuwa rubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alifunga kamera kwenye ndege, zikimtazama mwigizaji usoni, na mwigizaji wake Charles Rogers ilibidi ajifunze urubani kwa ajili ya kazi hiyo. Ukiona mashavu yanapigwa na upepo, ni upepo wa huko juu, angani Texas.

BARAKA: Na alikuwa anasubiri mawingu. Wenye studio wanalalamika pesa zinateketea, yeye kasimama anaangalia juu. Anga ikiwa tupu, ndege haionekani kwenda kasi. Ikipita wingu, ndipo jicho linashika mwendo.

ZUHURA: Mimi kilichonishika ni pale ukumbini Paris. Kamera inaanza mbali, inateleza juu ya meza, inapita katikati ya wapenzi wawili, meza nyingine, watu wengine, glasi, nyuso, mpaka inamfikia kijana wetu kalewa shampeni. Yote hayo bila kukatiza. Nilirudisha nyuma kuitazama tena.

BARAKA: Sasa weka mshindi wa pili.

ZUHURA: The Broadway Melody, filamu ya kwanza yenye sauti kushinda. Watu wanaimba, viatu vinagonga jukwaa, na kamera imekufa ganzi. Kamera za wakati ule zilikuwa na kelele na maikrofoni ingezinasa, basi zikafungiwa na mpigapicha wake ndani ya kibanda kisichopitisha sauti, anapiga picha kupitia kioo. Waigizaji nao hawathubutu kwenda mbali na maikrofoni. Wamejipanga kama wanapigwa picha ya harusi, kila mtu anangoja zamu yake ya kuongea.

BARAKA: Ukiitazama hiyo peke yake utasema za kale ndivyo zilivyokuwa. Kumbe iliyotangulia ilikuwa inaruka!

ZUHURA: Ndiyo maana nang'ang'ania mpangilio. Halafu inakuja All Quiet on the Western Front ya 1930, filamu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Lewis Milestone alipiga mapigano mengi kwa kamera zisizonasa sauti, milio ikaongezwa baadaye. Kamera ikatoka kifungoni, unaiona inakimbia sambamba na handaki huku wanajeshi wanaanguka mmoja baada ya mwingine.

BARAKA: Pale kwenye seng'enge... Mwanajeshi kashika waya, bomu linalipuka, moshi ukitawanyika imebaki mikono miwili tu. Nilisimamisha filamu, nikatoka nje kidogo.

ZUHURA: Na mwisho steringi anakufa. Sisi tumekua tukiambiwa steringi hafi! Paul ananyoosha mkono amshike kipepeo, risasi inalia, mkono unalegea. Ule mkono ni wa Milestone mwenyewe.

BARAKA: Na huyo Paul ni mwanajeshi wa Ujerumani, anaombolezwa na Wamarekani miaka 12 tu baada ya vita. Ilipofika Berlin, Desemba 1930, Wanazi waliingia ukumbini wakaachia panya na mabomu ya kunuka. Siku chache baadaye serikali ikaipiga marufuku.

ZUHURA: Cimarron ya 1931 tupite haraka. Mbio za farasi na mikokoteni mwanzoni ni nzuri, baada ya hapo nilianza kuangalia saa.

BARAKA: Gone with the Wind je? Kuna wanaosema irukwe, kwa jinsi inavyoupamba utumwa.

ZUHURA: Inaupamba, na inaniuma. Ila usiiruke. Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, kwa filamu hiyo, Februari 29, 1940. Usiku huohuo aliketishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake, kwa sababu hoteli haikupokea watu weusi. Ukishajua hilo, endelea mpaka In the Heat of the Night ya 1967. Tajiri mzungu anamzaba kofi Sidney Poitier, mwigizaji mweusi, naye anamrudishia palepale!

BARAKA: Nilipiga kelele sebuleni.

ZUHURA: Na sherehe yake, Aprili 1968, iliahirishwa kwa siku mbili kupisha mazishi ya Martin Luther King.

BARAKA: Kwa msikilizaji asiye na muda wa zote?

ZUHURA: Tatu za kwanza, zifuatane, wiki moja. Wings haina tena hakimiliki Marekani tangu 2023, kwa hiyo kuipata si shida. Tafuta nakala safi, weka sauti juu, maana muziki ndio unaoibeba. Na ukifika pale ukumbini Paris, usishike simu.