Hiki kineno "shall" kwenye mikataba yenu

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Basi mi naingia moja kwa moja, viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika vya kuuza mazao, mmeniletea mikataba ya ghala na ya usafirishaji, yote kingereza, na "shall" imejaa kila mstari.

Shuleni tulikaririshwa shall ni wakati ujao, nitaenda, nitakula, basi. Kwenye sheria sivyo. Ukikuta "the transporter shall deliver" msafirishaji kashafungwa hapo, asipofikisha korosho una pa kumkamatia. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 53, imesema kabisa mtu akipewa jukumu kwa shall lazima alitekeleze, akipewa kwa may ana hiari. Hiyo inahusu sheria zilizotungwa, mkataba unasomwa kwa maneno yake wenyewe, ila kwa kawaida shall ya mkataba nayo inachukuliwa ni wajibu.

Lakini sio kila mahali. Katiba yetu ibara ya 33 inasema kutakuwa na Rais, kwa kingereza "there shall be a President", sasa hapo kaamrishwa nani? Hakuna, kinaanzishwa cheo tu. Ndo maana wengine wamelichoka, Afrika Kusini katiba yao ya 1996 wameweka must, yaani lazima, na Marekani walipoandika upya kanuni za kesi za madai za mahakama za shirikisho, 2007, shall wakaitoa. Mi nawaunga mkono.

Sasa inayonikera mimi ni hii, "payment shall be made within seven days". Malipo yatafanyika, haya, na nani? Mnunuzi, chama kikuu, mwenye ghala? Na hizo siku saba zinaanza mnada ukiisha au mzigo ukitoka? Shall ipo lakini hamna mtu wa kumshika, mkulima anabaki anazungushwa tu, huyu anasema kamuulize yule. Msisaini hiyo mpaka mlipaji atajwe.

Halafu "the warehouse operator may insure the goods", watu wanasoma wanasema aah bima ipo. Wapi! Anaweza kukata na anaweza asikate, ghala likiungua, kwa mkataba huo hana kosa kwa kutokata.

Na kwa nini kingereza kwani? Tangu 2021 lugha ya sheria na mahakama zetu ni Kiswahili, andikeni tu "mnunuzi lazima alipe". Haya maswali, mzee wa Tandahimba pale kanyoosha mkono toka saa ile.