Ella Fitzgerald: Mwimbaji Aliyelelewa na Drams

Wazee wangu, mabibi na mabwana,

Hapa Tanga neno jazi tunalo tangu enzi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, lakini kwetu lilikuwa jina la bendi za dansi, na muziki wake si ule wa Wamarekani Weusi alioutumikia Ella Fitzgerald maisha yake yote.

Alizaliwa Newport News, jimbo la Virginia, mwaka 1917, akakulia Yonkers, jirani na New York. Mama yake alifariki mwaka 1932, na binti akabaki akitangatanga. Novemba 1934, akiwa na miaka 17, alipanda jukwaa la Apollo, Harlem, katika shindano la wasanii chipukizi, akiwa amekusudia kucheza dansi. Alipoona wachezaji waliomtangulia walivyousisimua ukumbi, alibadili nia papo hapo, akaimba, akashinda.

Mwaka uliofuata aliingia katika bendi ya Chick Webb, naye Webb alikuwa mpiga drams. Naomba tutue hapo, kwa sababu mwimbaji aliyelelewa na mpiga drams hujifunza kulitangulia pigo au kulichelewesha kidogo bila kupotea njia. Webb alipofariki mwaka 1939, bendi ilibaki mikononi mwa Ella. Baadaye, akiimba na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, alizidi kuyageuza kinywani yale aliyoyasikia kwenye tarumbeta, kwa silabi zisizo na maana katika kamusi yoyote. Huo ndio mtindo wa skati.

Februari 1960, mbele ya maelfu ya watu mjini Berlin, alikuwa katikati ya wimbo wa Mack the Knife maneno yalipomtoka. Bendi haikusimama, naye hakusimama. Alikiri kwa kuimba kwamba amesahau, akawataja Bobby Darin na Louis Armstrong waliokwisha kuurekodi wimbo huo, akaiga sauti ya Armstrong yenye mikwaruzo, na mapigo hayakuvunjika hata mara moja. Malenga wetu anayejibizana hadharani anaijua kazi hiyo: vina havimsubiri afikiri. Rekodi ya usiku ule ilimpatia tuzo ya Grammy.

Wapo wanaosema kwamba hakuwa na uchungu wa mwimbaji mwenzake wa jazi, Billie Holiday. Mimi sikubaliani nao. Zisikilizeni albamu alizorekodi kati ya 1956 na 1964, chini ya mtayarishaji Norman Granz, akiimba tungo za Cole Porter, Duke Ellington na wengine: kila neno linasikika lote, na huzuni imo, ila haikulazimishwa. Waimbaji wengi mpaka leo huzirudia albamu hizo wanapotaka kuujua wimbo ulivyo kabla hawajaubadilisha wao.

Kisukari kilimdhoofisha, mwaka 1993 alikatwa miguu yote miwili, na Juni 1996 akafariki.

Sasa namwomba fundi mitambo atuwekee ile rekodi ya Berlin. Maneno yanapompotea, msimfuate yeye kwanza. Zifuateni drams za Gus Johnson, mtasikia ameegemea wapi.