Makengeza ya kwenda nje mnayakosa kwa sababu mnatazama karibu

Haya, wale mlionisikia tayari mnivumilie, hili nitalisema mpaka mchoke. Ukimtajia nesi au mwalimu makengeza anapata picha moja tu kichwani, jicho limeelekea puani, basi. Na picha hiyo si ya uongo, ila inawafaa zaidi watoto wa Uingereza. Kule Bristol walipima maelfu ya watoto wa miaka 7, matokeo yakatoka 2008, asilimia 2.3 wana makengeza na karibu robo tatu yao jicho linaingia ndani. Sasa nenda Singapore, watoto wadogo wenye asili ya China, makengeza hayafiki hata asilimia 1, lakini kwa kila mmoja wa jicho la ndani kuna saba wa jicho la nje. Saba!

Naona kuna mtu keshaamua hapo kwamba ni rangi, ni damu. Subiri kwanza. Baltimore, Marekani, walipima watoto weupe na weusi wa mji mmoja, weupe asilimia 3.3, weusi 2.1, na makundi yote mawili ndani na nje viligawana karibu nusu kwa nusu. Haya niambie hiyo rangi yako imeishia wapi. Angalia nguvu ya jicho kwanza: mtoto ambaye jicho lake linamlazimisha kukaza sana ili aone vizuri, ule mkazo wenyewe unavuta macho ndani, ndo maana wengine ukiwapa miwani tu yananyooka bila kisu.

Sasa hili la nje ndo linaloninyima usingizi. Mara nyingi linakuja na kuondoka. Mtoto akitazama kitu cha karibu macho yametulia kabisa, akitazama mbali, au akichoka, au akizubaa tu hivi, jicho moja linatoka. Halafu wewe unafanyaje? Unamshika kidevu, unamsogezea kalamu mpaka karibu na pua, unaandika kwenye daftari "macho yapo sawa". Yaani unapiga doria saa sita mchana halafu unaripoti mtaa hauna wezi! Na ripoti hiyo hiyo ndo inakuja kuwa takwimu, kesho mtu anasimama kwenye ukumbi kama huu anasema watoto wetu hawana shida hiyo.

Mpe kitu cha kutazama mita 6 mbele, picha ukutani, herufi, chochote kile. Funika jicho moja na mkono, macho yako yakae kwenye lile lililobaki wazi, je limehama ili kukamata picha? Fungua, hamia la pili, usiwe na haraka. Ndo urudie na kitu cha karibu. Halafu muulize mama, mtoto huwa anafumba jicho moja akitoka juani? Walimu nyie hamhitaji hata kuuliza, asubuhi mstarini mnamwona, jua linawaka, kafumba moja, mnadhani anawakonyeza mnampa adhabu.

Mtaniambia daktari, kule Mwanza vijijini walipima watoto wa shule za msingi, ikachapishwa 2000, makengeza hata asilimia 1 hayakufika, na sisi tuna malaria. Sawa, tuna malaria. Kwenye shule ya watoto 1000 hata nusu asilimia ni watoto watano, na kiganja cha kufunikia jicho kinauzwa shilingi ngapi?

Naona saa, niharakishe. "Atakua yataisha": miezi mitatu minne ya mwanzo macho ya mtoto kutangatanga kidogo ni kawaida, baada ya hapo si kawaida, msisubiri, jicho lililopinda muda wote ubongo unaweza kuliacha, na ukifika miaka 7 au 8 kulirudisha ni kazi ngumu. Wenye pua bapa wanaoonekana makengeza kumbe hawana, mulika tochi, nuru ikikaa mahali pamoja kwenye macho yote mawili, na ukifunika la mbali na la karibu hakuna jicho linalohama, basi si makengeza, mtoe mama wasiwasi.

Makengeza ya jicho kupanda juu au kushuka chini nayaacha, ni machache na muda sina. Ila moja hili msitoke bila kulisikia: makengeza kwa mtoto mdogo yanaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho. Ukimulika ukaona mboni inang'aa nyeupe usimpe tarehe ya wiki ijayo, mwandikie rufaa siku hiyo hiyo na umpigie simu daktari wa macho mwenyewe. Haya, dada wa nyuma, ulinyoosha mkono tangu Singapore, uliza.